Ukiolewa Kwenye Boma Lenye Mbwa

Mimi ni mzaliwa wa Shela, Malindi, na nimeolewa na Mgiriama wa upande wa Jilore. Alikuwa ameshasilimu kabla ya kuja kuposa, mahari akatoa, nikaha ikasomwa, biriani ikaliwa. Watu walidhani kelele zingekuwa za kabila. Hazikuwa. Kelele zilikuwa za mbwa wawili wa mume wangu, na hadi leo wako jamaa zangu ambao wakifika mlangoni hawapigi hodi mpaka waulize kama wamefungwa.

Basi mabinti wa mjini wanaoposwa upande wa bara huja kuniuliza: akiwa na mbwa, nikubali au nikatae? Mimi husema kubali, lakini weka masharti, na uyaseme mapema kabla ya siku ya nikaha. Ukishaingia kwa watu, kila neno utakalosema juu ya mbwa litasikika kama neno juu ya wakwe zako. Utasema “mbwa huyu ananuka”, na mama mkwe atasikia “nyumba yenu inanuka”. Watu wetu wakati wa posa huulizia kazi, swala, ukoo, hata kama kijana anakula miraa. Hakuna anayeulizia mbwa wanalala wapi, nani anawalisha na wanalia chombo gani.

Sisi wa mjini tumelelewa na paka. Paka anapanda hadi kwenye jamvi, na tunamsogeza kwa mguu bila kumfikiria. Mbwa tuliyemjua ni yule wa jaani anayerushiwa mawe na watoto wakitoka chuo cha Kurani. Kwa wakwe zangu mbwa ni mfanyakazi. Ukilima karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, nyani wakitoka kundi zima wanaweza kumaliza mahindi yako kabla hujafunga leso kiunoni. Mume wangu alinionyesha shamba la mtu asiye na mbwa, nikanyamaza.

Sasa dini, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapopandishana sauti. Hadithi ya Mtume iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim inajulikana: anayefuga mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Katika Suratul Maida, aya ya 4, mawindo ya mbwa aliyefunzwa yamehalalishwa. Sisi Mashafi, tunaomfuata Imam Shafi, tunasema mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wafuasi wa Imam Malik hawamhesabu kuwa najisi. Simshauri mtu abadili madhehebu kwa ajili ya mbwa wa mumewe, lakini ukimsikia mtu barazani akisema anayefuga mbwa ameshatoka kwenye dini, jua huyo ametia chumvi.

Liko jambo ambalo hata ndugu zangu waliosoma hawakulikumbuka. Mbwa mkavu akipita akagusa nguo yako kavu, nguo haijanajisika. Unyevu ndio unaohamisha najisi: mate, pua, manyoya yaliyoloa. Ndiyo maana kwangu kiangazi ni raha na masika ni kazi. Mvua ikianza hakuna kuanika kanzu wala leso za kuswalia upande wa zizi, na watoto wana viatu vyao vya kuendea huko. Sufuria ya mbwa tumeipaka rangi nyekundu ili mgeni asije akaichukua kwa bahati mbaya. Hii ya rangi nyekundu naisisitiza. Siku za arusi vyombo vinaazimwa nyumba hata nyumba, na hutaki sufuria hiyo irudi imejaa pilau.

Saa za kuwafungua nazo ziangalie. Mbwa wetu hufunguliwa baada ya Isha na kufungwa kabla ya adhana ya Alfajiri. Wazee wanatembea gizani kwenda msikitini, na hakuna kitu kinachoharibu ujirani haraka kama mzee mwenye udhu wake kukimbizwa na mbwa wa mtu. Mbwa wa shamba hana haja ya kumjua imamu. Mwenye mbwa ndiye anayepaswa kuzijua saa za swala.

Ami yangu mkubwa alikataa kula kwangu. Sikubishana naye. Kumsomea mzee kama yule kauli ya Malik ni utovu wa adabu hata kama uliyoyasoma ni kweli. Tulichofanya, Idi tukaihamishia Shela kwa mama, nikapika huko, tukala sinia moja. Baadaye nikamwomba aje tu aone boma, asile kitu, aniambie cha kurekebisha. Hapo ndipo mambo yalipolainika. Mzee ukimwomba ruhusa anakataa, lakini ukimwomba shauri anakuja na bakora kuonyesha. Akaamuru kibanda cha mbwa kitolewe karibu na njia ya kwenda kisimani, tukakitoa. Siku hizi anakuja, anakaa kwenye mkeka chini ya mwembe, na kikombe chake cha kahawa anakuja nacho mwenyewe mfukoni. Wako wanaonitaka nichukie kwa kile kikombe. Sichukii. Amekuja.

Kinachonikera mimi ni kusikia watu wakijadili udongo na mara saba mchana kutwa, na kichaa cha mbwa hakitajwi. Mtoto wa jirani mmoja aliumwa mguuni na mbwa asiyejulikana. Wakamwosha, wakahesabu hadi saba, wakamvisha suruali, wakaona wamemaliza. Tohara, yaani usafi wa kidini, ni jambo moja na ugonjwa ni jambo lingine, na ugonjwa ule dalili zake zikishatokea karibu hakuna anayepona. Huweza kukaa mwilini miezi miwili au mitatu mtoto akicheza kama kawaida. Ilibidi niwasukume mimi kwenye tukutuku.

Mtu akiumwa, au akilambwa penye mchubuko, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ishike saa, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa, wala usitie udongo kwenye nyama iliyochanika. Habari ya tohara utamuuliza mwalimu mtoto akishatibiwa. Halafu hospitali siku hiyo hiyo. Si kila zahanati ina chanjo, kwa hivyo mtu apige simu huku nyinyi mko njiani. Chanjo si sindano moja. Kwa kawaida huanza siku ya kwanza, ikafuata ya siku ya 3, ya 7 na ya 14, na pengine zaidi kadiri daktari atakavyoona, na kidonda kibaya huhitaji dawa nyingine ya ziada. Wengi huacha baada ya sindano ya pili kwa kuwa nauli imeisha au kidonda kimekauka. Msiache.

Na mbwa mwenyewe achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi yake mimi naiweka pamoja na kadi za kliniki za watoto, na mama mkwe hucheka akiiona. Jike mpelekeni kwa daktari wa mifugo afungwe kizazi, kwa sababu mbwa huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kuwauza watoto wake katika madhehebu yetu hakufai, na kugawa kuna mwisho wake. Wanaobaki ndio hao wa jaani.

Malindi tuna pia mbwa wa vila. Mgeni anafuga mbwa, masika yanakaribia, anarudi Ulaya, anamwachia mlinzi mbwa na maneno matamu. Mwezi wa kwanza hela ya chakula inakuja, wa pili inachelewa, wa tatu simu haishikwi. Binamu yangu aliwahi kubaki na mbwa mkubwa anayekula kuliko watoto wake. Ukipewa mbwa wa kumtunza, andikianeni: chakula nani analipa, daktari nani, na mwenyewe asiporudi mbwa anakwenda wapi. Usione haya. Mshahara wako haukuhesabiwa na nyama ya mbwa.

Ufuoni nako kuna ugomvi kila jioni. Mgeni anamwachia mbwa bila kamba, mbwa anawarukia akina mama waliovaa mabuibui, wanapiga mayowe, mgeni anacheka na kusema mbwa wake ni mpole. Upole wake hautufuti mate. Afungwe kamba, basi. Sioni kwa nini ombi hilo ligeuzwe kuwa vita vya dini na ustaarabu. Lakini nasi tuna letu la kujibu: wapo wanaotupa nyama yenye sumu usiku wakidhani wanasafisha mtaa. Sumu hiyo huokotwa na paka, na kuku, na siku moja itaokotwa na mtoto. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na kabla ya sheria tulikuwa na hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ndugu zetu wa Lamu wana kliniki ya punda tangu 1987, punda wanatibiwa bure, na sijasikia mtu akisema imani imepungua kwa ajili hiyo.

Nimebakiwa na kesi moja nyumbani. Binti yangu ameona kwenye katuni mbwa analala kitandani na mtoto, na sasa anataka kale kadogo kalale chumbani kwake. Baba yake, aliyekulia na mbwa, ndiye wa kwanza kukataa: mbwa akilala ndani nyani nani atawafukuza? Mimi nimemwambia akija kujenga yake ataamua mwenyewe. Babu yake keshatangaza kwamba huko hatatia mguu, hata aende na kikombe chake.