Kombe Si Konokono

Swali: Mwalimu, salamu. Binti yangu amesoma habari ya Villorita cyprinoides, mnyama mdogo wa Kerala, India, aishiye matopeni kwenye maji yenye chumvi kidogo. Tafsiri aliyopewa darasani inamwita "konokono mweusi". Ni sawa? – Msomaji wa Dunga, Kisumu

Jibu: Si sawa hata kidogo. Huyo ni kombe. Tabia ya kumwita konokono kila kiumbe mwenye nyumba ngumu imenikera miaka mingi, na hapa Kisumu inanikera zaidi. Konokono ana nyumba moja iliyojiviringa, ana kichwa na pembe, anatambaa kwa tumbo. Kombe ana vipande viwili vinavyofungana kama kitabu. Kichwa hana. Hujifukia matopeni, akaachia upenyo mdogo, akavuta maji na kuchuja chakula chake humo.

Kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, kosa hili linagusa afya. Vimelea vya kichocho hukulia ndani ya konokono wa maji baridi, Biomphalaria na Bulinus, makombe hawamo. Mtoto akifundishwa kuogopa konokono, kisha akaonyeshwa kombe, atamkwepa kombe asiye na hatia na kuingia majini alimo konokono mdogo aliyeganda kwenye majani. Nimewahi kuona bango la kichocho lenye neno "konokono" chini ya picha ya kombe. Nilitamani kulibandua kwa mikono yangu.

Wala makombe si wageni huku. Kwenye fuo za Ghuba ya Winam waakiolojia wamechimbua marundo ya makombe yaliyoachwa na watu wa Kansyore, wavuvi wa maelfu ya miaka iliyopita, waliokula nyama na kutupa maganda. Corbicula, kombe wa ziwa letu, ni wa ukoo mmoja na huyo wa Kerala. Chakula cha kale hivyo, leo kinyang'anywe jina?

Asili ya neno haina fumbo: kombe ndilo lililozaa kikombe. Angalia upatanisho wa kisarufi tu. Ganda ni kombe jeusi, makombe meusi. Mnyama ni kombe mweusi, makombe weusi. Chaza pia hafai hapa, maana yeye hung'ang'ania mwamba.

Binti asahihishe daftari. Mwalimu wake akibisha, amwombe amwonyeshe kichwa cha huyo konokono.