Roboti aliyepotea Dodoma: kinachomfanya msomaji acheke

Mwenzetu ameuliza kwa nini hadithi yake ya roboti aliyepotea haimchekeshi mtu, ingawa roboti huyo huanguka na kufuka moshi kila ukurasa. Ninamjibu kwa kutumia hadithi niliyoiandika mwenyewe na kuwasomea majirani zangu hapa Ipagala, Dodoma. Kwa maoni yangu, roboti mbovu hachekeshi. Anayechekesha ni roboti mzima, anayetii kila neno analoambiwa na watu ambao hawajazoea kutiiwa kiasi hicho.

Wangu ni tarishi wa mwaka 2070, aliyetumwa kupeleka mafaili Mji wa Serikali, Mtumba. Nililazimika kwanza kumpoteza kwa sababu inayoaminika, kwa kuwa hadithi ya kisayansi inayopuuza sayansi ni porojo tu. Mtambo wa magurudumu unaweza kukadiria umbali kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu yake, na yakiteleza mchangani hesabu huendelea ilhali mtambo umesimama palepale. Basi nikamkatia mawasiliano ya setilaiti, nikamtumbukiza katika korongo la mchanga, naye alipotoka alikuwa na hakika kwamba ameshaipita Ihumwa, iliyo njiani kuelekea Mtumba. (Asiyeamini kwamba mtambo wa mamilioni unaweza kupotea akumbuke chombo cha Philae, kilichotua kwenye nyotamkia Novemba 2014, kikadunda kwa sababu vyusa vyake vya kujishikizia ardhini havikufyatuka, kikaishia kivulini, na hakikuonekana wazi pichani hadi Septemba 2016.)

Kuanzia hapo sikuhitaji kubuni kichekesho chochote, kwa sababu Dodoma yenyewe ilinitosha. Mama muuza vitumbua alimwambia, "Siyo mbali, mwanangu, ukifika kwenye mbuyu kata kushoto." Mwenyeji anajua ni mbuyu upi. Roboti alikata kushoto kwenye kila mbuyu aliokutana nao, na kwa kuwa mibuyu si haba huku kwetu, baada ya wa nne alijikuta mbele ya mama yuleyule, ambaye alimwelekeza upya kwa upole uleule.

Lakini sehemu iliyowavunja mbavu wasikilizaji ilikuwa ya maamkizi. Roboti alikuwa amefundishwa kwamba mdogo humwamkia mkubwa, na kwa kuwa alikuwa ametoka kiwandani miaka miwili tu iliyopita, aliwapigia shikamoo wanafunzi wa darasa la kwanza waliokuwa wakirudi nyumbani. Wakaitikia "Marahaba" kwa uzito wa wazee wa baraza. Kisha mmoja wao, aliyekuwa ametumwa sukari na mama yake, akang'amua kwamba mkubwa ana haki ya kumtuma mdogo, akamkabidhi roboti fedha na kwenda zake kucheza mpira. Duka lilikuwa, bila shaka, karibu na mbuyu.

Mafaili yalifika Mtumba siku iliyofuata, yakiwa pamoja na nusu kilo ya sukari na chenji kamili.