Kukesha nimeacha

Mwaka niliochukua vitenge 60 kwa deni, hakuna aliyedhani ninaumwa. Sokoni Kadutu walinisifu: huyu mama ana nguvu! Nilikuwa nalala muda wa saa mbili tu, nafika sokoni kabla ya wapagazi, naongea na wateja watatu kwa pamoja. Wiki tatu baadaye nilikuwa kitandani, uso ukutani, wenye deni wanabisha hodi.

Mama alinipeleka chumba cha maombi. Simlaumu. Hapa Bukavu ukitaja SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanasikia "kichaa". Basi nikafunga na kukesha siku tatu, usiku na mchana. Siku ya nne nilikuwa nahubiri barabarani bila viatu. Baadaye muuguzi alinieleza: kwa mwenye ugonjwa wa baipola, huu wa hisia kupanda na kushuka, kukosa usingizi hata usiku mmoja kunaweza kuuamsha. Kumbe tulikuwa tunamwagia moto petroli, tena tukiimba.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia kwenye daftari, dawa zinafuata. Kila asubuhi naandika nimelala kwa muda gani. Nikiona siku mbili mfululizo sijafikisha saa tano za usingizi na bado sichoki, nampa yaya, yaani ndugu yangu mkubwa, pochi na simu yenye pesa, kisha naenda kliniki bila kungoja tarehe yangu. Angalia hapo kwenye kutochoka. Aliyekosa usingizi kwa mawazo huamka amechoka. Mimi naamka nataka kufungua duka la pili.

Dawa yangu ni karbamazepini. Mwanzoni ilinipa kizunguzungu na usingizi mzito, mpaka nikamkatia mteja kitambaa kifupi. Hayo yalipungua. Lakini ukitokwa na vipele, hasa wiki za kwanza, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na kuna jambo ambalo mimi sikuambiwa mapema: dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na ya kile kipandikizi cha mkononi pia. Muulize daktari kabla mtoto hajakujibu.

Niliwahi kuiacha, nikijiona nimepona. Vitenge nilivyonunua mara hiyo vilikuwa vya rangi ya machungwa vitupu. Mpaka leo sijavimaliza kuuza, kwa hiyo anayetaka aje tupatane bei.

Kusali ninasali bado. Mchungaji nilimweleza mwenyewe, naye akakuna kichwa, akakubali. Kukiwa na mkesha naimba mpaka saa tatu usiku, kisha nakunja kitenge changu na kuaga. Mwanzoni walinitazama sana. Siku hizi kuna mama mmoja huinuka tunapofika saa ileile, tunashuka naye mlima hadi njiapanda. Hatujaulizana kitu.