Aghalabu: mara nyingi au mara chache?

SWALI: Niliwapa wanafunzi wa darasa la saba neno "aghalabu" walitungie sentensi. Mmoja akaandika: "Bibi yangu aghalabu hula nyama." Nikampa tiki. Nilipomwambia aeleze, akasema bibi hana meno, nyama anaila mara moja moja tu. Mwalimu mwenzangu aliyesomea Nairobi ananiambia mtoto yuko sawa. Nimpe alama au nimnyime?

JIBU: Ya sarufi mpe, Mwalimu. Ya maana hajaipata. "Aghalabu" ni mara nyingi, kwa kawaida. Limetokana na Kiarabu, "aghlab", sehemu kubwa ya kitu, na vitabu vya dini vya pwani mpaka leo huandika "aghlabu ya wanazuoni" vikikusudia wengi wao. Neno alilolihitaji mwanafunzi wako ni "nadra": "Ni nadra bibi kula nyama."

Mwenzako naye hakulizua. "Ni aghalabu kumwona", kwa maana ya kumwona kwa shida, utaisikia sana, hasa Kenya, hata kwa waliobobea. Nashuku "ghali" ndiyo inayochanganya masikio, maana cha ghali huwa adimu. Mimi siikubali: neno likibeba mara nyingi na mara chache kwa mpigo, msomaji ataambulia nini?

Lakini tatizo kubwa liko kwenye sentensi yenyewe. Haina kosa hata moja, na ndiyo maana ilikupita. Weka "nadra", weka "kila siku", bado itasimama. Sentensi ya mfano inatakiwa kumbana mtungaji. Mdai mkia: "Bibi aghalabu hula nyama, ila leo karidhika na mchicha." Au: "Mvua za vuli aghalabu huanza Oktoba, zikichelewa hadi Desemba, wakulima huingiwa na wasiwasi." Hapo hakuna pa kujificha.

Neno hili hupenda kukaa na "hu-", ingawa wakati uliopita haulikatai: "Majahazi ya kwenda Arabuni aghalabu yaliondoka na upepo wa kusi." Lisilolitaka ni tukio la mara moja. "Jana aghalabu nilikwenda sokoni" haiendi popote. Na "aghalabu mara nyingi", ninayokutana nayo hata magazetini, ni kusema jambo mara mbili.

Mrudishie daftari aongeze "ila" yake. Ikikubaliana na maana, mpe alama zote.