Muulize Fundi: Betri mpya, gari haiwaki, mwizi ni nani?

Safari hii karibu barua zote ni za umeme, na zote zina wimbo mmoja, "fundi nimeshabadilisha hiki na kile na tatizo liko pale pale." Nimechagua nne. Wote walioandika wana maltimita (kile kifaa cha kupima umeme) nyumbani, kwa hiyo leo hatununui kitu, tunapima tu.

Shikamoo fundi. Gari yangu ikilala usiku mmoja inawaka vizuri, ikilala siku tatu naikuta imekufa kabisa, hata taa ya ndani haiwaki. Nimebadilisha betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja, fundi wa mwisho akasema ni alteneta, nayo nikabadilisha. Bado! Nina maltimita ile ya kawaida. Naweza kutafuta mwenyewe? Mchoka Kusukuma.

Marahaba, na pole. Betri mbili na alteneta moja halafu mwizi bado yumo ndani anakula. Unaweza kabisa, na hiyo maltimita ya kawaida inatosha.

Kwanza tuzitoe betri na alteneta kwenye lawama. Weka maltimita kwenye volti za DC, ile V yenye mstari ulionyooka sio yenye wimbi, skeli ya 20, nyekundu kwenye chanya nyeusi kwenye hasi, gari ikiwa imelala tangu jana. 12.6 au zaidi kidogo imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki robo. Usipime gari ikiwa ndo kwanza imezimwa, betri iliyotoka kuchajiwa inajisifu, itakupa 13 na ushee kumbe ni povu tu, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo ndo usome. Halafu mtu akupigie stata wewe macho kwenye namba: ikibaki juu ya 9.6 ni sawa, ikiporomoka mpaka 8 au 7 na betri ilikuwa imejaa, basi hiyo betri imechoka hata kama asubuhi ilisoma 12.6 safi. Gari ikishawaka unataka kati ya 13.8 na 14.7. Ikiganda kwenye 12 na kitu alteneta haichaji, ikipita 15 inaipika betri. Kwenye magari ya siku hizi kompyuta ndo inaamua lini ichaji, kwa hiyo ukiona 12.9 usikimbilie kulaumu, washa taa na feni uone kama inapanda.

Kwa maelezo yako nadhani vyote viwili vitafaulu. Gari ingekuwa haichaji isingekuwakia hata huo usiku mmoja. Wewe una kitu kinachokunywa umeme wakati gari imelala.

Sasa fanya hivi. Toa ufunguo, na kama ni ule wa rimoti upeleke mbali na gari. Fungua mlango ulio karibu na boksi la fyuzi ili baadaye usiufungue tena, kisha sukuma komeo lake kwa bisibisi mpaka ligeuke, gari idhani mlango umefungwa (ukimaliza kumbuka kulirudisha kwa kuvuta kitasa, usije ukaubamiza mlango juu ya komeo lililofungwa, nimeona watu wanavunja). Kama redio yako inadai namba ya siri betri ikitolewa, hakikisha unayo. Hamisha waya mwekundu wa maltimita kwenye tundu la 10A, geuza kitufe kwenye ampea za DC. Fungua taminali ya hasi ya betri. Ncha moja iguse ile taminali uliyofungua, nyingine iguse kichwa cha hasi cha betri. Umeme wote unaotoka sasa hauna njia ila kupita ndani ya maltimita.

Utakuta ampea 2, 3, labda zaidi. Hapa ndo wengi wanapiga kelele "nimempata" kabla ya wakati. Ukifungua betri na kuirudisha kompyuta zote zinaamka, zinajikagua, zinazinduana, kwa hiyo acha, bana ncha zako kwa vibanio, nenda kafanye mambo yako dakika 20 mpaka 40, kuna gari zinataka saa nzima. Ukirudi, gari nzima inatakiwa ikae kati ya 0.02 na 0.05, hiyo ni saa, alamu, kumbukumbu ya redio. Ukikuta 0.4 mwizi yupo. Na hesabu yake inakubaliana na malalamiko yako: 0.4 mara saa 24 ni ampea-saa 9.6 kwa siku, siku tatu karibu 29, betri ya 60 hapo imebaki nusu kama ilikuwa imejaa, na ya kwako haijawahi kujaa maana kila siku inaanza ikiwa na deni.

Wakati maltimita imekaa hapo usipige stata, wala usiwashe taa kubwa. Stata inavuta ampea mia na zaidi, taa mbili za wati 55 peke yake ni zaidi ya 9. Maltimita nyingi za bei rahisi hilo tundu la 10A halina fyuzi kabisa, inaungua yenyewe.

Kumsaka sasa. Zamani tulikuwa tunang'oa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke, bado inafanya kazi, ila kila ukirudisha fyuzi unaamsha kompyuta nyingine na kusubiri kunaanza upya. Mimi siku hizi nafanya hivi: nafunga betri kama kawaida, nasubiri gari ilale, halafu maltimita narudisha kwenye volti, skeli ndogo kabisa ya milivolti 200. Angalia fyuzi za kisasa mgongoni, zina vidoa viwili vya chuma vimechungulia kwenye plastiki. Gusa vyote viwili kwa pamoja. Fyuzi isiyopitisha kitu inasoma 0.0, inayopitisha inasoma vimilivolti kidogo, moja, mbili, hata nusu. Hujang'oa kitu hujaamsha mtu. Ukiipata fyuzi inayosoma angalia kwenye kifuniko cha boksi inalisha nini, uanze kuchomoa vitu kwenye njia hiyo.

Wezi ninaowakuta mara nyingi ni redio au alamu iliyofungwa baadaye na mtu mwenye haraka, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) iliyoganda, na taa ya buti. Ile balbu ndogo ya wati 5 inakula ampea 0.4 kamili, ndo maana nimetumia namba hiyo juu. Na huwezi kuiona maana ukifungua buti inatakiwa iwake! Weka simu ndani ikiwa inarekodi video, funga buti, fungua, tazama. Kama fyuzi zote za kwenye boksi ni safi na ampea bado zipo, nenda kwenye waya mnene wa alteneta, dayodi mbovu (kile kipande cha ndani kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu) inarudisha umeme usiku kucha (toa hasi ya betri kwanza kabla hujaugusa huo waya). Na ndiyo, hata alteneta iliyofungwa juzi inaweza kuwa nayo.

Mambo fundi. Nilikuwa nimepima ampea kama hivyo, namba nikapata, halafu nikasema ngoja nicheki na volti za betri, cheche paaa, ncha imeungua nyeusi na sasa maltimita volti inasoma ila ampea haisomi kitu. Imekufa? Mpigwa Cheche.

Poa. Haijafa, ila waya wako mwekundu ulibaki kwenye tundu la 10A. Kitufe ulikigeuza, waya hukuuhamisha. Kwenye tundu lile maltimita ni kama kipande cha waya mtupu, kwa hiyo uliunganisha chanya na hasi ya betri moja kwa moja. Mimi nimefanya mara mbili na mara ya pili nilikuwa namfundisha mtu. Fungua mgongo, yako inaelekea ni ya zile zenye fyuzi ndani, weka nyingine yenye namba zile zile za ampea na volti, usizibe kwa karatasi ya sigara. Na ukimaliza kupima ampea, waya urudi nyumbani kwanza kabla hujapumua.

Habari fundi. Taa yangu ya mbele kushoto ni hafifu kama mshumaa. Balbu nimeweka mpya, nimebadilishana na ya kulia, hafifu inabaki kushoto. Nimepima soketi napata 12.5, kulia pia 12.5. Umeme unafika sasa kwa nini haiangazi? Dereva wa Usiku.

Nzuri, na hongera kwa kubadilishana balbu, wengi hawafiki hata hapo. Ila hebu niambie, hiyo 12.5 uliipima balbu ikiwa imechomolewa, sio? Najua ndiyo, maana soketi ikiwa imevaa balbu ncha haziingii.

Hapo ndo penye uongo. Maltimita inapopima volti haivuti karibu kitu chochote. Chukua mpira wa maji uliokanyagwa na tairi, ukifunga koki ya mwisho presha inapanda inakuwa sawa na mipira mingine yote, ukifungua unatoka mkojo wa paka. Waya uliobaki uzi mmoja utakusomea 12.5 vizuri tu, halafu balbu ya wati 55 ikitaka ampea zake 4 na nusu hazipiti. Hata ile kupima kwa mlio haisaidii, uzi mmoja nao unalia piii.

Kwa hiyo rudisha balbu, washa taa, pima ikiwa inawaka. Pini nyembamba au sindano ipitishe nyuma ya soketi kando ya waya mpaka iguse chuma, usitoboe ganda la waya maana maji yataingia hapo na mwakani utaniandikia tena. Sasa nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya unaoleta umeme kwenye balbu. Unapima kilichopotea njiani, kwa hiyo unataka namba ndogo, isizidi nusu volti. Halafu upande wa pili, nyekundu kwenye waya wa ethi wa balbu (ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari), nyeusi kwenye hasi ya betri, hapo isizidi 0.2. Fanya na kulia ulinganishe.

Nina hisia kali utaikuta kwenye ethi. Ukisoma volti 2 au 3 hapo basi balbu yako inaishi na 9 au 10 na kitu, na balbu hizi hazina huruma, ukipunguza volti kwa asilimia 10 mwanga unapungua karibu 30. Fuata ule waya wa ethi mpaka boliti iliyofungwa kwenye bodi, fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Kama gari iliwahi kunyooshwa upande huo angalia zaidi. Kuna moja ilinisumbua siku nzima kumbe aliyepaka rangi alipaka mpaka pale boliti ya ethi inapokaa, ikafungwa juu ya rangi, nzuri inang'aa na haipitishi kitu. Ethi mbovu utaijua pia nyuma ya gari, unakanyaga breki indiketa inacheza, unawasha indiketa na taa ya breki inachungulia, taa zinatembeleana.

Fundi, fyuzi ya 15 ya taa za nyuma inaungua kila nikiweka mpya. Jirani ananiambia niweke ya 30 nimalize kazi. Nasitasita. Mla Fyuzi.

Endelea kusitasita. Ukiweka 30 atakayeungua sasa ni waya, na waya unapita chini ya kapeti na viti. Mpe jirani pole.

Una shoti, waya wa umeme unagusa bodi mahali. Usimalize fyuzi kwa majaribio. Chukua balbu ya taa kubwa, iunge na waya mbili, chomeka kwenye matundu mawili ya fyuzi badala ya fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo muda huo huo. Sasa huku balbu inawaka anza kutikisa mafurushi ya nyaya: kwenye bawaba ya buti pale mpira unapojikunja, chini ya viti, nyuma ya taa zenyewe, kwenye soketi ya trela kama unayo. Ukifika penyewe balbu inafifia au inacheza. Maltimita utaitumia kuthibitisha, fungua betri, chomoa balbu zote za nyuma, weka omu (kipimo cha ukinzani) kati ya tundu la fyuzi upande unaokwenda kwenye taa na bodi, ikisoma karibu na 0 bado shoti ipo. Omu usizipime kwenye waya wenye umeme, itakupa namba za ajabu au itakufa.

Na nyaya zenye soketi za njano ni za eabegi (puto la ajali), usichomeke ncha humo. Mwenye gari ya haibridi (ya mafuta na umeme), nyaya za rangi ya chungwa zina volti mia na kwenda juu, hizo muachie aliyesomea.

Mchoka Kusukuma, niandikie namba uliyopata. Ya baada ya dakika 40 lakini, sio ile ya mwanzo.