Lugha tatu kwa mpigo

SWALI: Natembeza wageni Fort Jesus. Kila siku nasoma Kiitaliano, Kihispania na Kijerumani, dakika 20 kila moja. Kijerumani hakinisumbui, lakini hizo mbili zinanichanganyikia mdomoni. Niache moja?
Msomaji, Likoni

JIBU: Usiache, ndugu msomaji, ipunguze. Kiitaliano na Kihispania zote zimetoka Kilatini, na ukizianza pamoja zinaibiana maneno. Kwa Mwitaliano, salire ni kupanda ngazi. Kwa Mhispania, salir ni kutoka nje. Ukikosea hapo, mgeni anaelekea kwingine kabisa.

Tanguliza Kiitaliano: dakika 20 asubuhi, ukisoma kwa sauti. Kihispania kibaki dakika 5 za kusikiliza tu ukiwa kwenye feri. Usikiandike wala kukizungumza mpaka uweze kuieleza ngome nzima kwa Kiitaliano bila kusita.

Kijerumani kiweke jioni. Hakikusumbui sasa, lakini kitakuja kukukwamisha ukikariri nomino tupu. Kwenye kadi zako za maneno iandike pamoja na kijineno kinachoitangulia: der Turm, mnara, die Mauer, ukuta, das Tor, lango. Kijineno hicho ndicho hubadilika ndani ya sentensi. Juu ya mnara ni auf dem Turm. Asiyejua kama ni der au die hawezi kukibadilisha.

Maneno mapya 5 kwa siku, kwa lugha zote pamoja, yatosha. Yarudie kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 16. Kadi zikirundikana, usiongeze hata moja mpaka umalize viporo.