Vifaa vyetu vinakwenda maonesho Berlin: tuanze wapi?

SWALI: Kaka mhandisi, habari za kazi. Sisi ni vijana wanne, karakana yetu iko Njiro, Arusha. Tunatengeneza vifaa vya kurekodi joto vinavyowekwa ndani ya maboksi ya maharage machanga na parachichi, tangu chumba cha baridi mpaka kwa mnunuzi wa Ulaya. Tumepata nafasi kwenye banda la pamoja katika maonesho ya biashara ya matunda na mboga ya Fruit Logistica, Berlin, mwezi Februari. Kila kifaa kina betri ya lithiamu, laini ya simu na redio ya LoRa, inayotuma taarifa ndogo mbali kwa umeme kidogo. Wakala mmoja ametuambia tuvibebe tu kwenye mabegi. Mwingine anasema tutatozwa ushuru kwenda na kurudi. Tulifikiria pia kuuza vichache palepale ili kufidia nauli. Tuanze wapi?

JIBU: Dada yangu, hongereni sana. Huyo wakala wa kwanza anataka kuwaingiza mkenge, na wa pili amewaambia nusu ya habari. Nitafika huko. Lakini swali lako limejaa vifaa, na sijaona mahali ulipomtaja mtu mnayekwenda kuonana naye. Hapo ndipo pa kuanzia, maana vitu gani vibebwe na maneno gani yaandikwe kwenye bango vinategemea huyo mtu.

Fikirieni njia ya boksi moja la maharage. Msafirishaji wa Arusha ndiye anayewalipa ninyi. Lakini anayelifungua boksi, akaona ncha zimenyauka, akapiga simu kulalamika, ni mwagizaji aliyeko Ulaya. Huyo ndiye ananufaika zaidi na rekodi ya joto, kwa sababu inamwonyesha mzigo uliharibikia wapi: shambani, uwanja wa ndege, au kwenye ghala lake mwenyewe. Akisema "kuanzia msimu ujao nataka kila mzigo uje na rekodi," wasafirishaji wote wanaomuuzia watawatafuta ninyi. Kwa hiyo msiende Berlin kutafuta watu wasiowajua. Vifaa vyenu vimeshafika Ulaya mara nyingi kabla yenu. Waombeni wateja wenu wa sasa majina ya wanaopokea mizigo yao, mwandikie kila mmoja barua fupi kuanzia Novemba, mkiomba dakika kumi na tano kwenye banda, siku na saa maalumu. Kalenda za wanunuzi wakubwa hujaa mapema, na maonesho yenyewe ni siku tatu tu. TAHA, chama cha wakulima na wafanyabiashara wa mboga, matunda na maua, ambao makao yao yako hapo hapo Arusha, wanawajua wasafirishaji wengi wa mboga na matunda, wapitieni.

Tahadhari moja hapo. Rekodi za joto za mteja ni siri ya mteja. Usimwonyeshe mwagizaji grafu inayoonyesha kwamba mzigo wa fulani ulikaa juani saa mbili, kama huyo fulani hajakuruhusu kwa maandishi. Mkipoteza imani ya msafirishaji mmoja wa Arusha, habari itafika Moshi kabla hamjapanda ndege.

Sasa kuhusu kuuza palepale. Msiuze. Kifaa chenye redio kinachoingia sokoni Umoja wa Ulaya lazima kiwe na alama ya CE, yaani tamko la mtengenezaji kwamba kinatimiza masharti ya Ulaya, chini ya Maelekezo ya Vifaa vya Redio, 2014/53/EU. Moduli ya redio mliyonunua inaweza kuwa na vyeti vyake, lakini hilo halikifanyi kifaa kizima kuwa na cheti. Mkishaiweka kwenye kasha lenu, na antena yenu na betri yenu, mtengenezaji ni ninyi. Zaidi ya hapo, tangu tarehe 1 Agosti 2025 vifaa vya redio vinavyounganishwa na intaneti vinatakiwa kukidhi masharti ya usalama wa mtandao chini ya maelekezo hayo hayo. Mnunuzi makini atauliza. Mjibuni ukweli: mko hatua gani, na mnatarajia kupima wapi.

Habari njema ni kwamba sheria hiyo hiyo inaruhusu kuonyesha kifaa ambacho hakijapata CE kwenye maonesho ya biashara, mradi pawe na bango linaloonekana wazi likisema kifaa hiki hakiwezi kuuzwa wala kutumika mpaka kitimize masharti. Liandikeni kwa Kijerumani na Kiingereza, lisimame mezani kando ya kifaa, lisifichwe nyuma ya vipeperushi. Na mkikiwasha, mhakikishe redio yake haiingilii mawasiliano ya wengine. Ulaya LoRa hutumia masafa ya MHz 868, na sehemu kubwa ya masafa hayo ina kikomo cha muda wa kurusha, asilimia 1 tu ya kila saa. Kama programu yenu inarusha kila sekunde chache ili grafu ipendeze, ipunguzeni kabla ya safari.

Twende kwenye sanduku. Ungekuwa unatoka Afrika Kusini au Senegali, ungechukua kitabu kimoja kinachoitwa karneti ya ATA, ukapita forodha za nchi zote zilizomo kwenye mfumo huo bila kuweka fedha. Tanzania haimo. Kwa hiyo karatasi zinaandaliwa mara mbili, hapa na kule, na kila upande una mtego wake.

Hapa nyumbani, mwambieni wakala wa forodha kwamba mnasafirisha vifaa kwa muda na vitarudi. Vikitoka bila kumbukumbu hiyo, siku mnarudi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mtakuwa mnaingiza bidhaa kama mwagizaji mwingine yeyote, na hamtakuwa na ushahidi kwamba zilitoka hapa. Huo ndio ushuru wa kurudi aliousema wakala wa pili, na unaepukika. Ushahidi wenyewe ni namba za siriali. Kila kifaa kiwe na namba iliyochongwa au kuchapwa kwenye kasha, isiyobanduka kwa kucha. Namba hizo hizo ziwe kwenye profoma (ankara ya awali ya thamani), kwenye orodha ya mizigo na kwenye tamko la forodha, bila kupishana hata herufi moja. Piga picha ya kila kifaa na namba yake. Ofisa wa mamlaka ya mapato, TRA, atakapofungua sanduku siku ya kurudi, atalinganisha namba kwa namba, kisha mmemaliza.

Ujerumani nako kuna utaratibu wa kuingiza kwa muda bidhaa za maonesho. Forodha huweza kudai dhamana ya kiasi cha ushuru na VAT ambavyo vingelipwa, na hurudishwa bidhaa zikitoka. VAT yao ni asilimia 19, kwa hiyo vifaa vya thamani ya yuro 2,000 vinaweza kuwafungia takriban yuro 380 kwa VAT peke yake. Tengeni fedha hizo, au mumtumie wakala wa mizigo anayeshughulika na maonesho, ambaye ataweka dhamana yake na kuwatoza ada. Na hapa ndipo wakala wa kwanza alipokosea: msamaha wa yuro 430 anaopewa abiria wa ndege hauhusu vitu vya biashara. Ukipita mlango wa kijani, wa wasio na cha kutangaza forodha, na vifaa kumi vinavyofanana kwenye begi, unaonekana mfanyabiashara anayekwepa ushuru. Pita mlango mwekundu, toa karatasi zako.

Sanduku lenyewe lisiwe la mbao tupu za fundi wa mtaani. Mbao za kufungashia zinazoingia Ulaya lazima ziwe zimetibiwa dhidi ya wadudu, kwa kawaida kwa kupashwa joto, nyuzi 56 mpaka kwenye kiini kwa dakika 30, na kugongwa muhuri wa ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao hizo. Plaiwudi haihusiki, wala plastiki ngumu. Nunueni sanduku la plastiki lenye sponji; litawafaa safari nyingi.

Betri. Zidisha volti kwa saa-ampea: seli ya volti 3.7 yenye mAh 2,600 (saa-ampea 2.6) ni kama wati-saa (Wh) 9.6. Kikomo cha kawaida kwa abiria ni Wh 100, kwa hiyo kwa ukubwa mko salama mno, lakini ulizeni shirika la ndege idadi wanayoruhusu kwa mtu mmoja. Betri za akiba ziende kwenye begi la mkononi tu, ncha zake zimezibwa kwa utepe. Vifaa vizimwe kabisa, visiwe katika hali ya kusinzia; kifaa kinachojiwasha angani kutafuta mtandao ni tatizo hata kama betri ni ndogo. Mkituma kama mzigo, betri iliyomo ndani ya kifaa inaingia kundi la UN 3481, na mtaulizwa muhtasari wa majaribio ya usalama wa betri, UN 38.3, kutoka kwa mtengenezaji wa seli. Je, mnao? Kama seli zenu zilinunuliwa dukani bila jina linaloeleweka, hamtaupata, na kazi inaanzia hapo: badilisheni seli za vifaa vya maonesho kwa seli za kiwanda kinachotoa karatasi. Seli ya 18650, ile ya mviringo inayotumika sana, iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya uongo, hakuna seli ya umbo hilo yenye uwezo huo, na mhandisi yeyote atakayefungua kasha lenu Berlin ataliona hilo papo hapo.

Kuna jambo ambalo hamkuuliza na ambalo kwa bidhaa yenu lina uzito kuliko ushuru. Mwagizaji atauliza: nitaaminije kwamba nyuzi 5 zenu ni nyuzi 5? Ulaya kuna kiwango cha vifaa vya kurekodi joto la mizigo, EN 12830. Kisomeni, mjue mnatimiza vipengele gani na vipi bado. Pelekeni vifaa mtakavyoonyesha kwenye maabara ya ugezi (kuhakiki usahihi wa vipimo) ya shirika la viwango, TBS, mpate cheti kwa kila namba ya siriali. Kisha muwe na jaribio la mezani: chupa yenye barafu iliyosagwa na maji safi kidogo, ambayo hukaa kwenye nyuzi 0. Mgeni akishika kifaa, akakitumbukiza kwa mkono wake, akaona namba inashuka na kutulia kwenye 0, umemjibu bila maelezo mengi.

Msibebe maharage yenu wala parachichi kwa ajili ya kupamba meza. Tangu tarehe 14 Desemba 2019 karibu matunda na mboga zote mbichi zinazoingia Umoja wa Ulaya, hata kwenye begi la abiria, zinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. Nunueni maharage Berlin kwa yuro chache.

Onyesho lenu lisitegemee intaneti ya ukumbini. Maelfu ya simu na waifai za mabanda yote hubanana hewani, na kuweka hotspoti yako kunazidisha msongamano. Weka seva ndogo kwenye laptopu, kifaa kiongee nayo moja kwa moja, na dashibodi ioneshe safari halisi mlizoruhusiwa kuonyesha. Ujerumani walizima 3G mwaka 2021. Moduli yenu ishike 4G, au ishuke 2G. Soketi zao ni za duara zenye pini mbili, umeme ni volti 230 kama wetu, hivyo adapta na ekstensheni moja nzuri vinatosha. Ila ulizeni kama umeme wa banda huzimwa usiku, kwa maana kumbi nyingi huzima, na friji yenu ya maonesho itakuwa vuguvugu asubuhi.

Kuhusu ubunifu wenu: kama kuna kitu mnataka kukilinda kwa hataza, maombi yaingie BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla hamjakionyesha. Kwa Ulaya, kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani si kipya tena, na maonesho ya kawaida ya biashara hayahesabiki kuwa udhuru. Mkishawasilisha hapa, mna miezi 12 ya kuomba nchi nyingine mkihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza.

Viza ya Schengen huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Msisubiri Januari. Waende wawili: mmoja anayejua kila waya uliomo ndani ya kifaa, na mmoja anayejua kuongea bei na kunyamaza mgeni anapoongea.

Kabla hamjaondoka, bandikeni utepe sakafuni hapo karakanani kwa vipimo vya eneo mlilopewa, mweke meza na friji, kisha mwiteni msafirishaji mmoja awaulize maswali magumu kwa dakika kumi na tano. Mtagundua kama kuna mahali pa kusimama.

Kila mazungumzo yakiisha, andikeni palepale: jina, nchi, anapokea zao gani, tani ngapi kwa wiki, na mmemwahidi nini. Ombeni ruhusa ya kuwasiliana naye kabla ya kuchukua barua pepe yake, kwa sababu sheria ya taarifa binafsi inahusu huko na hapa kwetu pia, tangu Mei 2023. Ahadi zitimizwe jioni ile ile mkiwa hotelini. Mwagizaji aliyeona mabanda mengi kwa siku hukumbuka aliyemtumia kitu alichoomba kabla hajafika nyumbani.

Wiki hii fanyeni mawili: mpigieni msambazaji wa seli mkitaka karatasi za UN 38.3, na waandikieni wateja wenu mkiomba majina ya wapokeaji. Wakala wa forodha akishawapa bei, nitumieni pamoja na rasimu ya orodha ya mizigo, niipitie kabla hamjasaini.